Sababu Itamkwe kwa Kinywa

Jumatatu, 6 Mei

Lesieli amenitumia mtoto baada ya sala ya asubuhi: niende ofisini. Yeye ni mkuu wa shule sasa, nami nimestaafu, lakini bado husimama nikiingia mlangoni. Nilimfundisha kusimama.

Shida ni netiboli. Mwaka jana wachezaji hodari hawakuja mazoezini, na Jumamosi wakacheza. Waliokuja kila siku walikaa benchi wakishika chupa za maji. Wazazi wakanuna, wengine wakaandika barua. Kwa mujibu wa barua za udhuru, mabibi wa kijiji hiki waliugua kila Jumatano na kupona kila Jumamosi. Lesieli anataka kanuni zilizonyooka: nani anatarajiwa kufanya nini, na nani acheze kiasi gani.

"Ziandike wewe, Mwalimu. Ukiandika wewe hakuna atakayethubutu kubishana hata na nukta."

Nimeandika tatu. Ya kwanza, kwa timu ya wadogo: kila mtoto acheze angalau robo moja ya kila mechi, awe hodari au awe goigoi. Ya pili, kwa timu ya wakubwa: kocha achague, ila kwanza awaangalie waliohudhuria mazoezi yote ya wiki. Ya tatu: aliyekosa mazoezi aseme sababu yake mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya kocha, kabla ya kuingia uwanjani, na kocha aipime. Barua hazipokelewi. Asiyesema akae benchi.

Lesieli aliisoma ya tatu, akairudia. Akasema ni kali kidogo. Nikamwambia kanuni isiyo kali ni ushauri.

Mchana nimezisoma mbele ya wasichana. Vika, binti wa mwoka mikate, aliinua mkono. "Mwalimu, na kama sababu ni uvivu?" Nikamjibu aitamke hivyo hivyo, kwa sauti, halafu aone kama ataitumia mara ya pili. Wakacheka. Seluvaia naye alicheka. Huyu ni binti wa kaka yangu Hateni, mrefu, mpole, na mpira ukitoka mkononi mwake huijua pete ilipo. Nilihakikisha simtazami kuliko wengine.

Alhamisi, 9 Mei

Kocha mpya amekuja kunisalimu. Malakai jina lake. Babu yake ni wa hapa hapa, yeye kalelewa Auckland. Lugha yetu anaizungumza kama mtu mwenye gimbi la moto mdomoni, lakini anajitahidi. Alivua viatu mlangoni. Hakukaa mpaka nilipomwambia.

Ana bidii. Anasema wasichana wetu wana mbio na mikono mizuri, ila hawajazoea walinzi warefu. Shule ya ng'ambo ya rasi ina msichana mmoja kama mlingoti wa bendera. Kwa hiyo ameazima kijana mrefu kutoka timu ya raga, asimame chini ya pete wakati wa mazoezi, awazuie wafungaji. Nikasema vyema. Ufundi ni wake.

Kisha akasita. "Mwalimu, samahani. Seluvaia nasikia ni mtoto wako."

"Mtoto wa kaka yangu. Ni mtoto wangu, ndiyo."

"Jumanne hakuonekana. Jana pia. Nikimwuliza anatazama chini."

Nimeona haya. Wino wa kanuni haujakauka, na wa kwanza kuivunja ni damu yangu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwita Seluvaia. Alikaa chini, karibu na mlango, miguu ameikunja vizuri. Nilimwuliza kama ni mgonjwa. Si mgonjwa. Kama mama yake ana kazi nyingi. Hapana. Kama kocha amemkosea adabu.

"Hapana, Shangazi. Kochi ni mtu mzuri."

"Basi ni nini?"

Alikuwa anachomoa nyuzi kwenye ukingo wa mkeka wangu. Nilimwambia auache mkeka. Akauacha.

"Sina la kusema, Shangazi."

Nikamwambia kwamba kesho atakaa benchi. Akaitikia, "Ndiyo, Shangazi," kwa sauti ya mtu aliyelijua hilo tangu mapema. Kisha aliingia jikoni, akaosha vyombo vyangu vyote, vilivyo safi na visivyo safi, akaenda.

Jumamosi, 11 Mei

Tumefungwa kwa goli moja.

Vika alicheza mechi nzima badala ya Seluvaia. Alitupa mpira kwa moyo wote, na mara nyingi ulienda huko moyo ulikotaka, si kwenye pete. Seluvaia alikaa benchi, amejitanda kitambaa magotini, akiwapigia wenzake makofi.

Nyuma yangu walikaa wanawake wa kwaya. Hawakujali kwamba nasikia. Au walijali.

"Ndiye shangazi mtu huyo. Kaikalisha damu yake mwenyewe."

"Afadhali. Haki ni haki."

"Haki tumeiona. Magoli ndiyo hatujayaona."

Sikugeuka. Kama kanuni haimgusi wa kwangu, haina haki ya kumgusa wa mtu. Lakini tukifungwa tena Jumamosi ijayo, safari ya mashindano ya mji mkuu haipo. Wengi wa wasichana hawa hawajawahi kupanda meli. Seluvaia anamaliza shule mwaka huu. Kwake hakuna mwaka mwingine.

Jumatatu, 13 Mei

Nitajaribu kuliandika lilivyotokea.

Tulikuwa watatu ofisini, Lesieli, Malakai na mimi, na chai mezani. Malakai alisema tatizo la Seluvaia amelielewa. Ameliona kwa macho yake wiki nzima. Yule kijana aliyemwazima kutoka timu ya raga ni Kelepi. Siku Seluvaia akitangulia kufika, Kelepi hufika hadi uani, humwona, hugeuka. Siku Kelepi akitangulia, Seluvaia hufika langoni, hugeuka yeye. Wakionana njiani, hugeuka wote wawili. Hawajawahi kukanyaga uwanja pamoja.

"Wanakwepana," akasema, akitabasamu. "Mimi nimekua na vijana, Mwalimu, haya nayajua. Wamependana, wamegombana. Tuwakalishe wapatane, mambo yaishe, tukashinde."

Lesieli aliweka kikombe chini. Hakikutoa sauti.

Nilimwambia Malakai kwamba bibi yake Kelepi na bibi yake Seluvaia walinyonya ziwa moja. Kelepi ni kaka yake.

"Ah. Binamu, basi."

"Kaka," nikasema.

Alinitazama, akamtazama Lesieli, na polepole nikaona damu ikimhama usoni. Sijapata kumwona mtu mzima akiogopa hivyo maneno yaliyokwisha kumtoka.

"Mungu wangu. Lakini... kwa nini hawakuniambia? Si wangesema tu?"

"Waseme nini? Msichana amwambie mwanamume mgeni kwamba hawezi kuruka na kisketi cha netiboli huku kaka yake amesimama mbele yake, amemwinulia mikono? Jambo hilo halitamkwi, kijana. Dada huondoka. Kaka naye huondoka. Ndiyo heshima yenyewe."

Nilipomaliza nilimwona Lesieli ananitazama. Kanuni ya tatu ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, kwa mwandiko wangu.

Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto. Tulipoanza kikao, wasichana wa zamu walikuwa wakifagia barazani. Sijui mifagio ilinyamaza saa ngapi.

Jumanne, 14 Mei

Habari ya ofisini imefika. Kwa mwoka mikate asubuhi, dukani adhuhuri, kwa kaka yangu mchana.

Wifi yangu Siale amepitia mlango wa jikoni, macho mekundu. Anasema Hateni alikuwa anarudi shambani, mtu fulani akamsimamisha njiani "kumpa pole". Pole ya nini, akaambiwa. Alifika nyumbani, hakula. Alichukua sare ya netiboli ya Seluvaia kwenye kamba ikiwa bado mbichi, akachukua na viatu, akavifungia ndani ya sanduku lake la nguo za kanisani. Akasema, "Netiboli imekwisha." Hilo tu. Hakumpiga mtoto, hakumwuliza kitu. Anajua fika kwamba ni uongo. Lakini uongo wenyewe umeshatajwa.

Kelepi ameondoka. Yuko shamba la baba yake kule juu, analala kibandani na viazi vikuu. Hataki kuonwa na mtu.

"Na Seluvaia?"

"Anapiga pasi, wifi. Amepiga pasi hata taulo."

Siale alinywa chai yangu, na bado hakuondoka. Nilijua anachosubiri. Kwetu neno la shangazi hupita la baba. Nikisema mtoto acheze, Hateni atafungua sanduku, hata kama roho inamuuma. Hajawahi kunikatalia. Ndiyo maana nimeomba vitu vichache sana maishani mwangu.

Lakini ili nilitoe neno hilo, lazima jambo lenyewe litajwe kati yangu na kaka yangu, hata kama ni kupitia kwa mkewe. Mimi na Hateni hatujataja neno la namna ile tangu tupate akili. Hatukai chumba kimoja. Nikija kwao, yeye hutoka nje, na redio huzimwa endapo wimbo una mapenzi. Sasa nimwambie nini? Kwamba nimesikia wanachosema kuhusu binti yake? Hata kumjulisha kwamba nimesikia ni kumvua nguo.

Nilimfungia Siale mkate, akaenda bila neno langu.

Jumatano, 15 Mei

Alfajiri nimefungua mlango, nikamkuta Malakai ameketi uani kwangu. Chini, juu ya umande, mkeka wa heshima amejifunga kiunoni, kichwa ameinamisha. Shingoni alivaa shada la majani.

Nilikaa barazani nimtazame, kama inavyotakiwa. Mwenye kuomba radhi kwa majani hasemi. Anasemewa au anaachwa. Nilikuwa tayari kumwacha mpaka jua lichome. Kisha nikayatazama majani vizuri.

"Malakai, umevaa nini?"

"Majani, Mwalimu. Ya kuomba radhi. Mama aliniambia kwa simu."

"Hayo ni ya mshelisheli."

Aliyashika shingoni. "Siyo yenyewe?"

"Hayo tunafunikia chakula tanurini. Umekuja kwangu umevaa kama nguruwe wa karamu."

Sikukusudia kucheka, wala sikucheka mbele yake. Nilimwelekeza mti wa ifi, ndio wenye majani ya radhi, ulioko nyuma ya kanisa, nikamwambia namna ya kuyasuka majani yake. Alirudi jua limeshachomoza, mikono ina michubuko, shada limesukwa vibaya, lakini ni lenyewe. Alikaa pale pale penye alama yake kwenye nyasi.

Nilimwacha kidogo. Si sana. Kisha nikateremka, nikamvua shada kwa mikono yangu. Alikuwa analia bila sauti, mtu mzima, shingo nene kama ya mchezaji wa raga. Kule alikokulia hakuna aliyemfundisha, na huku tulidhani anajua kwa sababu ana pua yetu.

Nikamwambia: bado kwa baba mtu. Huko sikuweza kumsindikiza. Jambo lile na Hateni na mimi, vyote vitatu, haviwezi kuingia ua mmoja. Lesieli amempeleka.

Jioni Malakai amenipa habari. Hateni alimwacha akae muda mrefu, akaendelea kufua nazi. Kisha akaja, akamvua majani, akamshika mkono, akamwita ndani, akampa gimbi na nyama akala. Wamezungumza juu ya mvua. Wamezungumza juu ya babu yake Malakai, aliyekuwa hodari wa kupanda viazi.

"Na Seluvaia?"

"Hakumtaja, Mwalimu. Nilitaka kumtaja mimi, Mkuu akanifinya."

Vizuri alivyomfinya. Kwa hiyo kocha amesamehewa, sisi wazee tumetendewa heshima yetu, kila kitu kimerudi mahali pake, isipokuwa mtoto.

Alhamisi, 16 Mei

Seluvaia amekuja na nguo zangu za Jumapili. Amezipiga pasi hadi zinaweza kusimama zenyewe. Nilimwambia akae. Alikaa karibu zaidi kuliko siku ile.

Nilimwambia kwamba najua sasa. Akaitikia kwa kichwa.

"Ungeniambia mimi, mwanangu. Ijumaa ile ungeniambia."

"Uliniuliza kwa sauti ya shule, Shangazi."

Akaendelea, polepole, anatazama mikono yake.

"Kila siku nilisema leo nitaingia. Kelepi pia nadhani alisema hivyo. Yeye alidhani amenipisha, mimi nikadhani nimempisha, tukabaki wote nje." Akatabasamu kidogo. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa, bila ukali wowote: "Ulipoiandika ile ya tatu, Shangazi, ulifikiri kila mtu ana sababu inayosemeka?"

Nilimwambia nitamjibu. Sijamjibu.

Kabla hajaondoka alisimama mlangoni. "Sitaki baba alazimishwe. Nataka kucheza. Lakini sitaki alazimishwe."

Baadaye nilikwenda kwa Lesieli. Yeye anaona jambo ni jepesi: kanuni ya tatu ifutwe. "Wewe umeiandika, wewe ifute, Mwalimu." Nikamwuliza, Vika je? Vika amekuja kila siku, jua na mvua. Tukifuta kanuni wiki hii, atajua imefutwa kwa ajili ya nani. Tutakuwa tumerudi mwaka jana, ila safari hii mgonjwa si bibi, ni shangazi.

Lesieli akacheka, kisha akaacha. "Basi tutafungwa kwa haki," akasema.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekwenda mazoezini mwenyewe. Hakuna mvulana uwanjani. Malakai amesimama chini ya pete, ameinua ufagio wa ukuti juu ya kichwa, anaruka nao huku na huku. Yeye ndiye mlingoti wa bendera.

"Kochi, umetufagilia mawingu."

"Kochi, buibui kule juu, mmoja amebaki."

"Tupa mpira, Vika, acha mdomo."

Vika akatupa. Mpira ukapiga ufagio, ukapiga kocha, ukarudi. Wakaanguka kwa kicheko, naye Malakai akaanguka nao. Ni siku ya kwanza wiki hii niliyosikia wasichana wakicheka bila kutazama nyuma.

Baada ya mazoezi Vika alinifuata. Alikuwa na neno, likamchukua njia nzima hadi penye geti la kanisa.

"Mwalimu, Jumatatu nilikuwa zamu barazani."

"Najua."

"Sikuwaambia watu. Nilimwambia mama tu."

Mama yake ndiye anayeuza mikate kwa kijiji kizima. Sikuona haja ya kuliongeza hilo. Usoni mwake lilikuwa limeshaongezwa.

"Mimi nataka kucheza," akasema. "Nimefanya mazoezi mpaka vidole vimeota sugu, angalia. Lakini mimi nafunga kwa bahati, Mwalimu, na bahati yenyewe haiji mazoezini. Nicheze nusu ya kwanza, yeye acheze ya pili. Hivyo si haki?"

Nikamwambia ni haki. Nikamwambia pia kwamba si yeye wala mimi tulio na ufunguo wa sanduku la Hateni.

Jioni nilimtuma mtoto kwa wifi yangu Siale na ujumbe mmoja. Nimeufikiria siku nzima, neno kwa neno. Haumtaji msichana, haumtaji kijana, haumtaji mtu aliyesema wala aliyesikia. Unasema hivi: Mwambie Hateni kwamba kesho dada yake atakaa uwanjani kutwa, na angependa chakula chake kiletwe huko.

Basi. Shangazi kuomba chakula ni haki yake, na kaka huona fahari kumlisha. Hakuna aliyelazimishwa ila kwa viazi. Akiwa anataka kusikia zaidi ya chakula, atasikia. Akiwa hataki, nitakula.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika uwanjani, juu ya goti, kwa penseli. Ni mapumziko ya nusu. Mwandiko mbaya, nitaunakili nyumbani.

Tumeachwa kwa magoli manne. Vika amecheza nusu ya kwanza kwa ushujaa. Lakini yule mlinzi wao ni mrefu kweli, ufagio haukudanganya. Wanawake wa kwaya leo hawasemi, wanajipepea tu. Malakai amesimama na wasichana, anawanywesha maji mwenyewe, hapigi kelele.

Robo ya pili ilipokuwa inakaribia mwisho, lori la Hateni lilifika. Hakuliingiza uwanjani. Alilipitisha hadi ng'ambo ya ua, akaligeuza, likaelekea barabarani, mgongo kwetu. Dirishani niliona kichwa chake. Na pembeni yake kichwa kingine, cha juu zaidi. Kelepi.

Amemshusha kutoka shambani. Amempitisha katikati ya kijiji, mbele ya duka na mbele ya mwoka mikate, amemketisha kiti cha mbele, bega kwa bega naye, ili kila mwenye macho aone anachokiamini na asichokiamini. Sasa wameketi wawili, wanatazama barabara isiyo na kitu. Hawageuki. Wanawake wa kwaya wameacha kujipepea.

Siale alivuka nyasi na kikapu. Alipiga magoti mbele yangu, akakiweka.

"Chakula chako, wifi. Kaka yako anasema samahani kimechelewa, viazi vilikuwa havijaiva."

"Mwambie ahsante."

"Anasema ule chote. Mpaka chini."

Nikafunua majani. Viazi vikuu vya moto, kipande cha nyama, samaki. Nilitoa kimoja kimoja, nikaviweka kwenye mkeka. Chini kabisa, ndani ya kitambaa safi ili visishike mafuta, sare ya netiboli, imepigwa pasi. Viatu. Kamba za viatu ni mpya.

Nilifunga kitambaa, nikampa Siale. Seluvaia alikuwa ndani ya nyumba ya mwalimu wa shule ya Jumapili, pale pembeni. Sikujua kwamba amekuja na mama yake. Muda haukupita, akatoka, amevaa, shuka amejifunga kiunoni juu ya sketi mpaka alipofika kwenye mstari. Aliangalia lori mara moja. Migongo miwili. Akaifungua shuka, akamkabidhi mama yake.

Malakai amemwona. Uso wake umewaka, kisha umezimika, kwa sababu amekumbuka kanuni. Amesimama wima mbele yake. Amenipa heshima kwa mbali kwa kuinamisha kichwa, na amemwuliza, kwa sauti ya kawaida, kama kanuni inavyosema, mbele ya wenzake wote:

"Seluvaia. Wiki iliyopita hukuja mazoezini, na wiki hii hukuja. Sababu yako?"

Naandika upesi. Mwamuzi anatazama saa yake.

Seluvaia hajatamka. Amegeuza uso kuelekea lori, ameutuliza hapo kidogo, kila mtu aone anapotazama, kisha ameinamisha macho. Hakuna hata mmoja hapa ambaye hajaelewa. Hata mtoto wa chekechea angeelewa.

Kanuni inasema kwa kinywa. Niliandika mimi neno hilo.

Malakai anaelewa. Lakini ameniahidi kufuata kilichoandikwa, na ni mtu aliyekwisha kuumizwa na maneno, hataki kukosea tena. Hamwachii apite, hamzuii. Amegeuka, ananitazama mimi. Wote wanageuka sasa. Wanawake wa kwaya pia.

Mwamuzi ameweka filimbi mdomoni. Vika ameshavua fulana yenye herufi za mfungaji, ameishika kwa mkono ulionyooka, hajui ampe nani.

Naweka penseli chini. Lazima nisimame, niseme kwa kinywa changu mwenyewe kwamba sababu imesikika.